Mtoto akileta kipenzi chake darasani

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la awali huku Mwanza, siku moja utawaambia watoto waje na kitu wanachokipenda, wawaonyeshe wenzao. Sijawahi kufundisha kipindi kinachonipa raha kama hiki, na mwaka wangu wa kwanza nilikiharibu.

Nilisema tu, "Kesho kila mmoja aje na kitu anachokipenda." Wachache wakaja na midoli na magari ya betri, wengi mikono mitupu. Mmoja alificha ngumi mgongoni asubuhi nzima. Nilipomfungua vidole nikakuta kizibo cha soda, naye akaangua kilio. Hakuna aliyemwambia kwamba kizibo kinatosha, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Siku hizi naanza mwenyewe. Naleta mwiko wa mama yangu, ulioungua upande mmoja, nawasimulia. Wazazi nao nawaambia mapema, wanapowaleta watoto mlangoni: kisinunuliwe kitu. Jiwe, unyoya, kipande cha kanga aliyobebewa, vyote vinafaa. Wanaokaa karibu na maji wataleta makombe ya konokono. Pokea yaliyo makavu, ila wazazi wasimwache mtoto aingie majini kuyatafuta, kwa kuwa wapo konokono wa ziwani wanaoeneza kichocho.

Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini huenda ukakuta 90. Waite watatu kwa siku, baada ya uji. Wiki sita utakuwa umewamaliza.

Kuna mtoto aliyekuwa hajasema neno darasani tangu Januari. Zamu yake ilipofika alileta boya la wavu, lililokatwa kwenye kandambili kuukuu. Sikumuuliza "Hiki ni nini?", maana swali hilo hujibiwa kwa neno moja likaisha. Nilimuuliza, "Linafanya kazi gani?" Akanyamaza, nami nikanyamaza. Hapo ndipo wengi tunapokosea: kimya cha mtoto kinatutisha, tunamjibia. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi, nikaanza upya. Ndipo akasema linashika wavu usizame. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza: mwezi ukiwa mkubwa, baba analala nyumbani.

Wenzake walicheka. Nikawatuliza, nikamwomba aeleze. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti vizuri, wavuvi wanapumzika. Mtoto wa awali alilieleza hilo lote akiwa ameshika boya kwa mikono miwili. Ndiyo sababu analipenda: nyavu zikiwa zimetundikwa ukutani, baba yupo.

Nusu ya maelezo ilikuwa Kisukuma. Usimkatize mtoto wala usimsahihishe mbele ya wenzake. Rudia alichosema kwa Kiswahili, taratibu, kama unayemwitikia, yeye aendelee.

Na kitu chake usikichukue mkononi mwake, hata kama walioketi nyuma ya jamvi hawakioni vizuri. Apite nacho mwenyewe. Anayetaka kugusa amwombe, na akikataa, amekataa. Usimshawishi kwa kumwambia awe mkarimu. Kitu kirudi nyumbani siku ileile, na ukague mabegi kabla ya kengele. Boya lile nililishuhudia likiingia kwenye begi, nikafunga zipu mwenyewe, maana usiku ule wavu ulikuwa unarudi majini.