Babu hakubatizwa: je, niache kwaya?

Dada yangu, unauliza kama ni unafiki kuendelea kuimba kwaya na kushiriki Meza ya Bwana, ilhali tangu azikwe babu yako ambaye hakubatizwa, moyo wako umekataa fundisho la moto wa milele. Si unafiki. Unafiki ungekuwa kujifanya hulioni swali.

Yule baba wa Marko 9 alimletea Yesu mwanawe mgonjwa akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa akamalize mashaka kwanza. Mtoto akaponywa. Tomaso naye aliwakatalia wenzake waliosema wamemwona Yesu amefufuka, na baada ya siku nane bado alikuwa ndani pamoja nao. Hawakumfukuza. Hilo mimi limenishika sana.

Kuhusu jehanamu yenyewe, si wewe uliyeanza kuuliza. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alitumaini kwamba mwishowe Mungu atavirejesha vyote kwake. Agustino, askofu mwingine wa kale, akayapinga mawazo ya namna hiyo. Gregori anahesabiwa mtakatifu hadi leo. Imani ya Mitume inakiri kwamba Kristo atawahukumu wazima na wafu, lakini haielezi moto wala muda wake. Hata hivyo Mathayo 25:46, inayotaja adhabu ya milele, ipo, usiiruke.

Isome na mchungaji au mzee wa kanisa anayejua kusikiliza kabla ya kukemea. Usianzie kwenye jumuiya, mbele ya watu wote. Huko utapewa majibu ya haraka, na msiba wako bado mbichi. Mweleze kwanza habari za babu, alivyokulea. Kwaya usiiache.