Wenzangu wamerudi kwenye sigara, mimi nitapona?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, karakana yetu iko Chang'ombe hapa Dodoma. Tuko sita, na wanne kati yetu tulikuwa wavutaji. Tukakubaliana kuacha siku moja. Kila mmoja akaweka elfu ishirini kwa mama ntilie anayetuuzia chakula. Atakayefikisha miezi mitatu bila kuvuta anachukua zote. Leo niko wiki ya tano. Mmoja alirudi wiki ya kwanza. Wa pili kaangukia mnadani Msalato, wiki ya nne. Wa tatu anaapa hajavuta, ila harufu naisikia. Mimi nilikuwa navuta kama 15 kwa siku, kwa miaka 11.

Kinachonichanganya ni hiki: nilisoma kwamba nikotini inaisha mwilini ndani ya siku tatu. Kama imeisha, mtu anarudije wiki ya nne? Je, moshi wao unaweza kunirudishia uraibu? Halafu tangu niache moyo unadunda na usingizi sipati, wakati nilitegemea nafuu. Na hizo hela tuzifanyeje? Wanataka tugawane yaishe.
Fundi, Chang'ombe.

JIBU: Kaka fundi, kwanza mimi ni mfamasia, ingawa hapa dirishani wote huniita daktari na nimeshachoka kusahihisha.

Ulichosoma ni kweli. Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo ikifika siku ya tatu mwili umeshaitoa. Ndizo siku hizo, ya pili na ya tatu, ambapo arosto huwa kali kuliko zote: hasira za bure, njaa isiyoshiba, kichwa hakitulii, choo kigumu. Kisha inashuka pole pole, na kwa wengi wiki mbili hadi nne huwa imekwisha. Mwenzako wa kwanza alirudishwa na hiyo. Wala hakuna la kumshangaa. Wengi wanaoacha kwa nguvu zao tu, bila dawa wala ushauri, huangukia ndani ya siku nane za mwanzo.

Huyu wa Msalato ni habari nyingine, na ndiye unayepaswa kumchunguza. Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde kumi hadi ishirini. Haraka kuliko sindano ya mkononi. Sasa piga hesabu yako mwenyewe: sigara 15, kila moja tuseme pafu kumi, kila siku, miaka 11. Ni zaidi ya mara laki sita. Mara laki sita ubongo wako umefundishwa kwamba baada ya ugali kuna pafu, geti likimalizika kuna pafu, mteja akizungusha malipo kuna pafu, bia ikifunguliwa kuna pafu. Nikotini imeondoka siku ya tatu. Mafunzo hayakuondoka nayo. Mwenzako alikaa Jumamosi mnadani, mbele yake nyama choma, pilipili, chumvi, bia ya baridi, na mtu wa pembeni akatoa pakiti. Ubongo ukakumbuka somo.

Tena kuna jambo la pili ndani ya kichwa. Ubongo wa mvutaji huongeza vipokezi, yaani vile vituo vidogo ambako nikotini hutua. Mtu akiacha, vipokezi hivyo hurudi kwenye idadi ya kawaida taratibu, kama wiki sita hadi kumi na mbili. Wewe uko ya tano. Ndiyo maana unaweza kujisikia mzima kabisa siku nne mfululizo, halafu ya tano hamu ikupige kana kwamba umeacha jana. Haimaanishi umerudi nyuma.

Kwa hiyo kazi ninayokupa ni hii. Waendee wenzako wawili, mmoja mmoja, kwa upole, uwaulize maswali ya kifundi: ilikuwa saa ngapi, mlikuwa wapi, mkononi ulishika nini, nani alitoa sigara, na dakika tano kabla ya hapo kulikuwa na maneno gani? Usiulize "kwa nini umeshindwa". Swali hilo litakupa uongo au ugomvi. Ukipata majibu, yaandike nyuma ya daftari la vipimo vya mageti. Mnafanya kazi moja, mnakula kwa mama mmoja, mnakunywa pamoja, kwa hiyo shimo alilotumbukia mwenzako limo njiani mwako pia. Yeye amelipia kulijua. Wewe unalipata bure.

Ni kweli lakini kwamba mwenzako akirudi, nawe unalegea. Marekani kuna mji unaitwa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, ambako watafiti wamekuwa wakifuatilia afya za wakazi kwa miongo mingi. Mwaka 2008 Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha hesabu za mtandao wa watu 12,067 kuanzia 1971 hadi 2003. Mwenzi wa ndoa akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulishuka kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Na kwenye sehemu ndogo za kazi, mmoja akiacha, wenzake asilimia 34. Karakana ya watu sita ni sehemu ndogo ya kazi. Watu wakisikia utafiti huu huona upande wa kuambukizwa tu, lakini mimi nakuomba uone na ule mwingine: humo karakanani, kwa sasa, wewe ndiye unayeweza kuwavuta wengine kuliko wao kukuvuta wewe, mradi usikae mahali pao pa kuvutia.

Hapo tunafika kwenye moshi. Moshi wa pembeni una nikotini, lakini kiasi unachovuta ukiwa karibu na wenzako ni kidogo mno ukilinganisha na sigara uliyovuta mwenyewe. Uraibu hauanzi upya kwa hicho. Kinachokusumbua ni harufu, kwa sababu nayo imo kwenye yale mafunzo laki sita. Ila mapafu hayajali kama wewe ni mvutaji au jirani yake, sumu ni ile ile. Na wewe tayari una moshi wako wa kazini: mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Najua mafundi wengi hunywa maziwa jioni "kusafisha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, lakini yanakwenda tumboni. Kifua kinasaidiwa na barakoa inayofaa, karakana iliyo wazi upande wa upepo, na sigara isiyowashwa.

Waambie hivi, maneno machache: "Jamani, mkivuta, vutieni kule nje ya geti." Usiongeze hotuba. Aliyerudi kwenye sigara ana aibu tayari, na mtu mwenye aibu akihubiriwa hutafuta wa kushiriki naye dhambi. Kama walizoea kuja kuwashia sigara kwenye moto wako wa gesi, ukatae pia huo moto. Na wakikunyoshea pakiti, usiseme "najaribu kuacha", maana hilo linawapa nafasi ya kubembeleza. Sema "mimi sivuti", kisha ongelea geti la mteja.

Asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukishaanza kukata masikio, utasikia kwamba fegi inapasha mwili joto. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi. Vidole vya mvutaji hupoa zaidi. Vaa sweta.

Sasa moyo kudunda na usingizi, swali ambalo nimelifurahia kwa sababu wachache huliuliza na jibu lake limo kikombeni. Moshi wa sigara, hasa lami yake, huchochea ini lifanye kazi ya kuvunja kafeini kwa kasi. Ukiacha, kasi hiyo inashuka ndani ya siku chache. Vikombe ni vile vile, lakini kafeini kwenye damu inaweza kufika mara mbili ya ulivyozoea. Kama ulikuwa unakunywa vikombe vinne vya kahawa kijiweni na chai mbili nzito, sasa mwili unavihisi kama vinane na nne. Moyo utaacha kudunda? Usingizi utatoka wapi? Na mtu wa hali hiyo hudhani ni arosto, akawasha sigara, akatulia, akaamini sigara ndiyo dawa. Punguza kahawa na chai kwa nusu kuanzia kesho, na baada ya saa nane mchana acha kabisa. Wiki ikipita bila nafuu, au ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, nenda hospitali wakupime presha na moyo. Usisubiri.

Ini hilo hilo linagusa dawa kadhaa. Mwenye pumu anayetumia aminofilini au theofilini, na ndugu anayehudhuria kliniki pale Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, akitumia klozapini au olanzapini, amwambie daktari kabla ya kuacha sigara au mara tu anapoacha, dozi iangaliwe upya. Aache sigara, ndiyo, ila asiache kimya kimya.

Kuhusu kujikinga: hamu kali hudumu dakika chache, mara nyingi haifiki kumi. Toka ulipo, kunywa maji, weka mswaki wa mti mdomoni. Mdomo na vidole vyako vina ukiwa wao, vipe kazi. Kwa saa zile mbaya ulizoandika kwenye daftari ipo bazoka ya nikotini, lakini haipo kila duka la dawa, uliza. Ambaye alikuwa anawasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka huanza na ya miligramu 4, wengine 2. Niliwahi kumpa mteja bila kumweleza, akaitafuna kama Big G, akarudi na kwikwi na kiungulia akinilaumu, na alikuwa na haki. Inatafunwa taratibu mpaka usikie ukali kama pilipili, kisha unaibana kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha unatafuna tena, kama nusu saa. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake. Ila moyo ukiwa bado unadunda, usiianze kabla hujapimwa. Ugoro usiukimbilie. Babu yangu aliunusa maisha yake yote na watu humwita mzee asiyevuta. Ni tumbaku ile ile imepitia mlango mwingine.

Na ukivuta moja? Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na wataalamu wa uraibu nao hutenganisha kuteleza na kurudia. Lakini kwa sigara utelezi ni mkali: wengi waliovuta hata moja katika wiki mbili za mwanzo walirudi moja kwa moja. Kinachowamaliza ni ile sauti ya "basi nimeshaharibu, nimalizie pakiti". Kipisi kikizimwa, hesabu inaendelea siku ile ile.

Hela. Kusema kweli, mchango wenu ulikuwa na kasoro: unapata zaidi mwenzako akianguka, na aliyeanguka anafaidika akificha. Huko Mindanao, Ufilipino, utafiti uliochapishwa 2010 ulipanga vingine. Mvutaji aliweka akiba yake benki miezi sita, kisha akapimwa mkojo. Akikutwa na nikotini, hela inakwenda kwa hisani. Waliopewa nafasi hiyo walifaulu zaidi kuliko wasiopewa, na tofauti ilionekana hata walipopimwa kwa kushtukizwa baada ya mwaka. Kila mtu alishindana na hela yake. Kwa hiyo msigawane. Elfu ishirini yako ibaki kwa mama ntilie hadi miezi mitatu itimie, na za wenzako zibaki hapo hapo zikisubiri tarehe yao mpya, waichague wenyewe. Jumamosi mbili tatu zijazo, Msalato nendeni mchana, mle nyama, mrudi kabla bia hazijazidi.

Yule wa tatu usimnuse tena. Siku atakapokuambia mwenyewe, muulize kama ulivyowauliza wale wawili: ilikuwa wapi, saa ngapi, na nani alishika kiberiti.