Jibu: Piriton si dawa ya maumivu

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini piriton moja ilikuwa inakutuliza kichwa usiku na sasa hata mbili hazifui dafu. Piriton (klorofeniramini, miligramu 4) huzuia histamini, kemikali ya mwilini inayoleta mafua na mwasho: hukausha mafua, hupunguza mwasho na huleta usingizi. Kilichokutuliza ni usingizi, pamoja na ile panadol uliyochanganya nayo. Mwili huzoea usingizi huo haraka, mara nyingi ndani ya siku chache tu. Ukiongeza vidonge, unajiongezea kinywa kikavu, mkojo kugoma na kusinzia ukiwa kwenye bodaboda. Pombe ndiyo kabisa, usiguse.

Acha piriton, baki na parasetamoli (ndiyo hiyo panadol): mtu mzima mwenye ini zima, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Angalia pakiti za dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani, ukijumlisha unapitiliza bila kujua.

Ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huleta kichwa. Na kwa huku Kigoma, kichwa chenye homa kwanza kapime malaria.