Admini mpya, andika saa pamoja na mji

Wiki hii nimeingizwa kwenye makundi mawili ya ligi mpya za FPL Draft, ule mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza ambao siku ya drafti watu huchagua wachezaji kwa zamu mtandaoni, na kote nimekuta tangazo lile lile: "Drafti Jumamosi saa 2 usiku, msichelewe." Nimeshika kichwa. Wadogo zangu, nawapenda, ila hili lazima tuongee.

1. Saa. Ligi yangu ya kwanza tulikuwa wanane: watano Dar, wawili Muscat, mmoja London. Nami niliandika "saa 2 usiku", nikaenda kula. Ndugu zetu wa Muscat walifuata saa ya kwao, wakaingia saa nzima kabla, wakawa wanauliza mbona kimya. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka, niliwaambia wavute subira. Saa 2 ya Dar ikafika, drafti ikaanza, na zamu ya yule wa London kila ikija sekunde zinaisha, mashine inamchagulia. Nilidhani bando limemkatikia. Watu wanane kwa wachezaji 15 ni zamu 120. Kwa dakika moja kila zamu, saa 4 usiku ilipogonga kila kitu kilikuwa kimekwisha. Saa 4 hiyo hiyo, kwake ikiwa saa 2 usiku, akaandika kundini: "Wakuu, nimefika, tunaanza?" Hakuna aliyejibu. Nikampigia. Alikuwa ameandaa majina kwenye daftari wiki nzima, ameomba ruhusa kazini atoke mapema. Hakugomba. Alisema tu "sawa kaka", na msimu mzima akacheza na kikosi ambacho hakukichagua, majeruhi wakiwemo. Msimu uliofuata hakurudi, na mimi ndiye niliyempoteza. Agosti saa 2 usiku ya Dar ni saa 3 usiku Muscat na saa 12 jioni London. Iandikeni hivyo, miji yote, kisha mpigie simu kila aliye mbali.

2. Kila mtu ajaze wochilisti, yaani orodha ya wachezaji anaowataka ndani ya mfumo, na kuipanga siku moja kabla, kwa sababu asipokuwepo mashine huanzia humo. Daftari la yule ndugu lingemwokoa kama lingekuwa ndani ya mfumo.

3. Hakuna bajeti wala kapteni huku kama kwenye FPL ya kawaida, acheni kuulizana bei. Mchezaji mmoja ana mwenyewe mmoja ligi nzima. Kwa watu wanane mnahitaji mastraika 24, na Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, nyingi zinaanza na straika mmoja. Piga hesabu, kisha niambie kwa nini unakimbilia kipa kwenye zamu yako ya tatu! Makipa mnahitaji 16 tu. Kuna kijana wetu wa Temeke, shabiki wa Arsenal wa kufa na kuzikana, alianza na kipa wake kwa mapenzi. Hadi Desemba alikuwa akiomba kubadilishana straika na kila mtu, hata usiku wa manane.

4. Mzunguko ukiisha mpangilio hugeuka, kwa hiyo kwa watu wanane anayechagua wa kwanza husubiri hadi zamu ya 16, halafu anapata mbili mfululizo. Mwelezeni mapema, asidhani ameibiwa.

5. Weiva, yaani maombi ya kumchukua mchezaji asiye na mwenyewe, hufungwa saa 24 kabla ya dedilaini ya raundi ya mechi. Wekeni alamu.

Tangazo lenu nitumieni kabla ya kulirusha kundini. Niko macho hadi saa 5 usiku, saa za Dar.