Kuhama Dar kwenda Mwanza na vyombo vyote

Hongera kwa uhamisho, dada, na pole kwa pilikapilika. Umeuliza kama upakie vyombo vyote kwenye Fuso au uuze ukanunue vingine Mwanza. Mimi ningeuza kabati kubwa na makochi yaliyochoka. Njia ni zaidi ya kilomita 1,100, na kwa mtikisiko ule maungio hulegea yote. Tafuta gari lililoshusha mzigo Dar na linarudi Mwanza tupu, bei huwa nafuu. Ila kabla hujatoa hela, panda juu ukague turubai mwenyewe. Letu lilikuwa na tundu la kupitisha kidole tu. Mvua ikatukuta Singida, godoro la mtoto likafika limelowa hadi katikati, linanuka. Iliniuma sana.

Friji lisafiri limesimama, mlango umefungwa kwa kamba, na ukifika usiliwashe siku hiyohiyo. Sahani zifunge kwa khanga na mashuka. Vyeti, dawa na karatasi za uhamisho wa shule ya mtoto, tafadhali, beba mkononi. Dereva mpe nusu. Nusu nyingine aipate vyombo vikishashushwa na kuhesabiwa.