Saa ya mwezi kwenye programu ni UTC

Mkuu, unasema programu ya kufuatilia mwezi imekudanganya ulipotaka kuwasiliana kwa redio kwa kudundisha mawimbi mwezini. Hapana, hiyo 18:00 ya mwezi kuchomoza unayoiona kwenye programu ni UTC, yaani saa ya kimataifa, kwetu Tanga ni 21:00 yaani saa tatu usiku, ndo maana ulivyotoka na antena saa kumi na mbili jioni hukuuona. Ongeza 3 kila mara, alafu hakikisha kwenye sehemu ya gridi (alama ya eneo ulipo) umeweka KI94 ambayo ndo ya Tanga, la sivyo inakupigia hesabu za mtu wa sehemu nyingine kabisa. Mi napangaga muda wa mwezi kuchomoza tu, sisi mashariki ni bahari na mwezi ukiwa chini pale juu ya maji, mawimbi ya redio yanayodunda baharini yanaungana na yale ya moja kwa moja, yagi (antena ya vijiti unayoielekeza upande mmoja) ndogo inasikia kama kubwa, na saa hiyohiyo kwa Japani mwezi unakuwa ushapanda kwahiyo watu wa redio wa huko unawapata vizuri. Ila siku za mwezi kuandama usihangaike hata kama programu inasema upo, unakuwa karibu na jua na kelele za jua zinafunika kila kitu.