Uzi wa blanketi za watoto wachanga wodini
Dada, kwa mablanketi unayotaka kufuma kwa ajili ya wodi ya wazazi hapo Kigoma, chukua uzi wa pamba. Inavumilia maji ya moto. Sufu ya kawaida humo husinyaa na kugandamana. Akriliki, uzi wa kiwandani wa aina ya plastiki, ni rahisi kufua, ila ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na huko nyumbani jiko la mkaa haliko mbali. Pasi ya mkaa nayo huilegeza, hairudii tena umbo lake.

Uzi wa sokoni hauna lebo? Shika kipande kwa koleo, choma juu ya sahani ya mchanga. Harufu ya karatasi na jivu laini: pamba. Nywele zilizoungua: sufu. Tone gumu jeusi: akriliki au poliesta. Uzi wa manyoya marefu achana nao, hunyonyoka. Mishono ibane, kidole cha mtoto kisipenye.